Punje Nzima

Leo nimeamka nina ugomvi, bado sijampata wa kugombana naye.
Ukungu wa Newala umekaa mlangoni kama mdai.
Bomba limekohoa mara mbili, likanyamaza.
Muuza maji kapandisha ndoo, hata salamu hana.
Luku imekwisha, pasi iko katikati ya sketi ya Tabia,
na Chinduli kapoteza kiatu kimoja.
Kimoja! Vingepotea vyote viwili ningeelewa.

Nafika kibandani kwa Bi Nandonde,
najipaka majivu viganjani, nakalia mashine,
mguu kwenye pedeli.
Korosho ya kwanza: kra. Vipande.
Ya pili: kra. Vipande.
Ya tatu nimeiona kabisa ni kichwa cha muuza maji;
ikasagika, hata kuku asingehangaika nayo.

Bi Nandonde hasemi kitu.
Anasogeza tu lile beseni dogo, la vipande,
karibu na goti langu,
kama anayemvutia kiti mgeni aliyezoeleka.

Kilo ya nzima ina bei yake.
Ya vipande, tuache.
Yaani hasira yangu inawekwa kwenye mizani,
na anayeilipia ni mimi.

Wanasema subira huvuta heri. Sijui.
Ninachojua ni ganda:
lina mafuta yanayochubua ngozi,
ukilibana kwa pupa yanakurukia usoni;
ukilitulizia mkono, kuna mahali linakubali,
kwenye mshono, upande wa tumbo,
na mguu hapo hushuka
kama wa mtu anayetoka chumbani mtoto kalala.

Nikautoa mguu kwenye pedeli.
Nikahesabu mabati ya paa: kumi na tisa, moja lina tundu.
Nikamtukana muuza maji kimoyomoyo, kwa Kimakonde,
tusi refu, nikalimaliza lote bila haraka.
Nikarudi.
Kra.
Nzima. Imejikunja kama sikio la kichanga.

Sikusema nimetulia.
Ya nne baada ya hiyo ilivunjika tena.

Jioni: nzima, kilo tatu na robo,
na gao la vipande pembeni mwa kanga, Bi Nandonde kajifanya haoni.
Chinduli anavitafuna, mguu mmoja peku.
"Mama, bado umekasirika?"
"Kidogo. Shika tochi,
tukitafute tena uvunguni."