Chini ya Moshi, Barabara ya Ozumba

Saa nne asubuhi, jua limekwisha kupanda vya kutosha,
na mlima, ambao watu wa Amecameca humwita Don Goyo
kana kwamba wanamdai kodi ya nyumba,
unapuliza upande wetu.

Hilario anafunga darubini juu ya gari,
fupi kama kidole cha mtoto, mdomo juu,
nami naupitisha waya wa kioo dirishani
hadi kwenye kisanduku kilicholala mapajani mwangu.
Ukikitikisa hakisemi kitu.
Humo ndani nuru hukatwa kama muwa, pingili kwa pingili,
nyekundu tunaitupa, ya kijani tunaitupa,
tunabaki kutafuna ncha,
urujuanimno, pale jicho la mtu linaposalimu amri.

Kiberiti hula nuru hiyo. Ndiyo kazi yetu yote:
kujua kilicholiwa,
kumjua mlaji kwa alama za meno.

Kwanza giza. Hilario anaifunika darubini kwa kofia yake
ili mashine izijue kelele za tumbo lake.
Kisha anga tupu, mbali na moshi,
tupate cha kulinganishia.
Kisha twende, kilomita arobaini kwa saa,
si zaidi, hata basi la shule lipige honi,
tukipita chini ya moshi kama siafu chini ya mkeka,
ukingo hadi ukingo.

Kwenye reli hakuna kitu.
Kwenye vibanda vya jozi mchoro unanyanyua kichwa.
Karibu na makaburi unapanda, unapanda,
na huku nje hakuna anayenusa chochote:
mwanamke anaanika nepi,
mbwa wawili wanagombea mfupa.
Halafu unashuka, taratibu,
kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni.

Zidisha kwa upepo. Upepo hatuupimi, tunauazima
kwa watabiri wa hali ya hewa, na wao wanaukisia.
Tani elfu mbili na mia nne kwa siku,
ongeza theluthi, au toa theluthi.

Doña Eufrasia hana haja na theluthi.
Anageuza tlacoyo juu ya bati la moto, anauliza:
"Leo amevuta sigara ngapi?"
Hilario anamtajia jumla.
"Jana zilikuwa nyingi zaidi," anasema,
na kweli, jana zilikuwa nyingi zaidi.

Mwaka wangu wa kwanza huku, profesa aliandika ubaoni
neno MAZUKU,
akalitamka kama mtu anayemeza kidonge bila maji,
akasema ni istilahi.
Darasa zima likaandika.
Mimi sikuandika.
Neno letu la Goma, limevuka bahari kabla yangu
wala hakuna aliyelidai viza.

Mazuku ni lile bonde nyuma ya kwa mama Sifa
ambako mbuzi walilala wasiamke,
na Kambere akashuka alfajiri kuufuata mpira,
mpira wa mifuko ya nailoni na kamba za migomba.
Ulikuwa hatua tatu mbele yake.

Kaboni haiguswi na urujuanimno.
Ingejaa humu garini hadi shingoni mwetu
na mchoro usingetikisika.
Inapita mbele ya kioo changu
kama mgeni asiye na jina kwenye orodha.

Tunairudia njia mara sita. Mara ya saba wingu linafunga.
Hilario anaishusha darubini, anaipuliza vumbi,
nami najaza daftari: saa, upepo, kilomita, tani.
Kwenye safu ya maelezo naandika
basi la shule, mbwa wawili, wingu kuanzia saa sita.
Chini yake, kwa lugha ambayo Hilario hudhani ni hesabu:
hewa ya mabondeni haikupimwa.