Fomu Kutoka Wilayani

Fomu imeletwa na bodaboda, imekunjwa mara nne,
inanuka petroli. Mtendaji yuko msibani Muheza,
basi imeniangukia mimi, karani wa kujitolea,
mwenye kalamu moja inayoandika ikipulizwa.

Maelezo mafupi ya kijiji cha Kwemsambu.
Wametupa mistari mitatu.

Msitu. Naandika: upo.
Nafuta. Upo vipi? Ukungu hushuka kuanzia saa tisa,
na hondohondo wakipita juu ya mikulo
mbawa zao huvuma kama mtu apepetaye mchele gizani.
Bi Mwantumu Kupaza huokota kokwa za msambu
zilizoanguka zenyewe. Hapandi, hatupi jiwe.
Asema mti ukiharakishwa hutoa mafuta machungu.
Hekta ngapi? Sijui. Bikoni ya mpaka
tuliikuta imekuwa kiti cha nyani.

Madini. Hapa mkono umesita.
Ni Singano, mtoto wa shangazi, aliyeyaanza:
alikwenda kutega kaa mtoni, akarudi na chembe
ndogo kuliko yai la chawa, ndani ya kizibo cha soda.
Mwezi haukuandama mara mbili
tukawa na mahema ya nailoni, wauza supu, redio saba,
na mashimo yanayopumua usiku.
Kifusi kilipomfunika, yeye alitoka. Mguu ulibaki.
Siku hizi ni fundi viatu;
vyake mwenyewe hushona kimoja.

Zebaki ya kuoshea ilishuka na maji.
Maji yetu huingia Sigi, na Sigi huishia mabombani Tanga mjini.
Walioiandika fomu hii, chai yao imechemshwa na nini?
Sioni kisanduku.

Kabila. Weka asilimia, wamesema.
Wasambaa, naam. Lakini babu mzaa mama alikuwa Mbondei,
Bi Mwantumu ni Mzigua aliyeolewa milimani,
na wajukuu wa manamba, ambao babu zao
waliletwa kutoka Songea kukata mkonge,
wakifiwa hulia Kisambaa.
Machozi nayagawaje kwa mia?

Mila. (Kama zipo.)
Zipo. Kuna kichaka nyuma ya shule
ambako hatukati hata ufito wa kuchapia mbuzi.
Mvua ikigoma, tunakwenda na mtama na kondoo mweusi,
tunawaita waliotutangulia kwa majina yao, mmoja mmoja,
hata wale wakorofi, maana nao walikuwa wetu.
Kwenye ramani iliyobanwa na fomu hii
kichaka kinaitwa Kitalu Namba 14,
na mstari mwekundu wa dhahabu unapita chini yake
kama mshipa wa shingo.

Nafasi imekwisha. Nageuza karatasi.
Nyuma pamechapwa: Usiandike upande huu.

Bodaboda anapiga honi.
Namwambia asubiri kidogo.
Naipuliza kalamu.