Ngo

Ilianza kwa sauti: ngo.
Si hodi ya mgeni mlangoni.
Ngo moja, kavu, gurudumu la mbele, kushoto,
kila nilipovuka tuta la Ruwi
mbele ya duka la mikate.
Nikaongeza redio.
Mtu mzima, karani wa bandari,
nikalitibu gari kwa redio.

Mbio zetu si za televisheni.
Ni uwanja wa lami nyuma ya maghala ya Barka,
koni arubaini, saa moja ya mkononi,
na Hilal akiandika nyakati
kwenye kifuniko cha boksi la halua.
Kila mtu anashindana na sekunde zake.
Zangu, tangu Shaabani, zilikuwa zinanenepa.

Nikalinunulia pumzi: filta, egzosi.
Nikanunua matairi kwa bei ya mbuzi wawili wa Idi.
Bado, kwenye koni ya kumi na saba,
pua ilikwenda ilikotaka yenyewe,
nami nazungusha usukani
kama ninayekoroga chungu cha jirani.

Mwezi wa nane, Wadi Kabir, baada ya alasiri,
bati la gereji linalia kwa joto.
Thani hakuniuliza kitu.
Akapiga jeki,
akalishika gurudumu juu na chini
kama anayepima jino la mtoto,
akatikisa.
Nge, nge, nge.
"Umesikia?"
Nimesikia tangu Shaabani.
"Chombo hakijazama," akasema,
"lakini usukani ulishaaga."

Bushi zilitoka vipande vipande,
mpira umepasuka kama kisigino cha mpanda mitende.
Boljointi ikacheza ndani ya kikombe chake
bila haya.
Bolti moja iligoma:
tukaipa moto, tukaipa nyundo,
tukaipa matusi mawili ya Kimalayalamu
kutoka kwa Biju, ambayo alikataa kunitafsiria.
Ikatoka.

Kasha lilikuja kutoka Sharja:
mikono mipya ya chuma,
bushi za mpira mgumu, mweusi ti,
springi zilizopungua vidole viwili,
shokapu zenye kifundo cha kukazia.
Tukafunga, lakini nati za mwisho Thani akazizuia.
"Mshushe kwanza. Asimame kwa miguu yake.
Ukikaza akiwa ananing'inia
mpira utakumbuka kuning'inia,
utajipinda umri wake wote."
Kisha akalala chini, juu ya kadibodi,
akakaza, akihesabu kimoyomoyo.

Alhamisi usiku, Barka.
Koni ya kumi na saba: niligeuza, likageuka.
Hapakuwa na kitu katikati,
hakuna ile nukta ya kungoja
niliyoizoea hata nikaijengea nyumba.
Nilishtuka, nikaikanyaga koni.
Hilal, bila kuinua uso,
akaongeza sekunde mbili za adhabu.
Mzunguko wa pili sikushtuka.
Sitataja muda. Nitasema tu
boksi la halua ninalo mimi, liko kabatini.

Jumapili nikampeleka mama kliniki.
Ni gari hilohilo; sina jingine.
Bi Rayya amefunga mkanda, mkoba mapajani,
anaisoma barabara kwa mgongo.
"Gari lako limekuwa na maneno.
Kila kijiwe kinaniamkia."
Nikamweleza: mpira laini unaficha,
mgumu unasema kweli.
"Kweli yote hiyo," akasema, "ya nini kwa mzee?"
Daktari ameona picha ya magoti yake:
mfupa unasugua mfupa.
"Na mimi kasha langu la Sharja
linafika lini?"
Tulicheka mpaka taa ikawa kijani
na walio nyuma wakapiga honi.

Kwenye tuta la duka la mikate
nilipunguza mwendo, kwa mazoea.
Kimya. Chuma kimeshika chuma.
Nikaegesha karibu na ngazi,
nikamfungulia mlango, akatoa mguu wa kushoto,
akajiinua.
Ngo.
Redio ilikuwa imezimwa.