Pini ya Kabureta

Wiki nzima hema letu la manyoya lilinuka petroli.
Bibi Yanjmaa alitandika gazeti la uchaguzi uliopita,
akapanga nati juu ya nyuso za wagombea,
kubwa kwa wenye vitambi, ndogo kwa waliokonda,
akaniambia, "Shika kurunzi. Usiulize."

Planeta ya Babu Gombo, ya Kirusi, rangi ya ini,
ilikuwa imelala miaka minne nyuma ya zizi,
mbuzi wakijikunia pembe kwenye shokomzoba.
Panya walikuwa wamezaa ndani ya kichujio cha hewa.
Bibi aliwahamisha kwa kijiko, mmoja mmoja,
akiwasema kama wapangaji wasiolipa kodi.

Kutoka Hovd hadi Choibalsan
ni kilomita elfu mbili na ushei.
Mtu wa miaka sitini na mitatu hupanda basi.
Bibi alisema basi humfikisha mtu kama kifurushi.
Alitaka mdogo wake, Dulamsuren,
asikie mngurumo kabla ya kuona uso.
"Atoke nje mwenyewe. Aanze yeye kusema."

Basi tukapiga spoki kwa spana, moja baada ya moja:
ting, ting, ting, tang.
Hiyo ya tang imelegea.
Tukatia viraka tyubu mbili, ya tatu tukaiombea.
Tukachemsha mnyororo katika grisi, ndani ya sufuria
ambayo chai yake hadi leo huelea macho ya mafuta.
Plagi ya akiba akaivisha soksi ya sufu ya ngamia.
Waya wa klachi akaupaka mafuta ya mkia wa kondoo,
kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo,
na kwa kuwa, alisema, hajaona kondoo aliyekwama gia.

Siku ya sita akafungua kabureta.
Boya lilikuwa zima. Akagonga pini inayolishikilia,
ikatoka polepole kama jino la mtoto,
na mkono wake ukabaki hewani.

Haikuwa pini ya kiwandani.
Ilikuwa shaba iliyonakshiwa mawingu madogo,
ncha moja imekatwa kwa msumeno.

Niliijua, nami sikuwahi kuiona.
Pini ya nywele ya marehemu mama yao.
Miaka kumi na mmoja, harusi moja, mazishi mawili,
"Dulamsuren kaiba,"
na Dulamsuren asijibu, akapakia gari, akaelekea mashariki.

Bibi akamwaga sanduku la spana.
Ndani ya kopo la ugoro wa Babu
kulikuwa na marijani nyekundu, kichwa cha ile pini.

Tuseme alikuwa akiipeleka kwa sonara, zawadi ya siri.
Tuseme Planeta ilimzimikia mlimani, baridi ya Novemba,
akapapasa mifuko, akapata kitu chembamba kigumu.
Tuseme alifika nyumbani akakuta ugomvi umeshaiva,
akaingia, akavua buti, akaomba chai.

Mtu aliyeweza kutengeneza kila kitu.

Bibi hakulia. Alimtukana,
tusi refu lenye farasi ndani yake,
kisha akakaa juu ya tairi hadi kurunzi ikafifia.

Nikasema tutafute pini nyingine.
"Wapi? Bila hii petroli inafurika, sifiki hata mtoni."
Akaifuta kwa upindo wa vazi lake, akairudisha mahali pake.
Marijani akaishonea ndani ya kola.

Alfajiri Mama akayarushia magurudumu maziwa kwa upawa.
Bibi akapiga kiki mara nne, Planeta ikakohoa tu.
Kabla ya ya tano akaniita.

"Ile spana ndogo, ya kufungulia kabureta. Umeiweka wapi?"
"Chini kabisa, Bibi, na vyuma vingine."
"Itoe. Iweke juu.
Nitaifungua mlangoni kwake, akitazama.
Na nikishaitoa, sina cha kurudia.
Anikaribishe, anifukuze,
nitakuwa pale pale."

Kiki ya tano ikakubali.
Maziwa yalikuwa bado yanachuruzika kwenye rimu.