Nambari 8417

Barua zao ninazo zote, kumi na moja,
ndani ya kopo la biskuti, kando ya chumvi ya ng'ombe.
Zote zimeandikwa kwa adabu ileile:
tunasikitika, kura haikukuangukia,
walioomba ni elfu thelathini na moja, nafasi elfu tisa,
jaribu tena mwakani.
Mvumilivu hula mbivu, husema walioshiba.

Na barabara yenyewe inapita chini ya dirisha langu la jikoni.
Naijua kona kwa kona, thelathini na tatu,
naijua ile ya tisa, lami imepasuka kama kisigino.
Naipanda Jumanne na Ijumaa, jibini mgongoni,
hakuna anayenipimia saa wala kunipigia makofi.
Ila Jumapili moja ya Julai wanaifunga,
nami nasimama nyuma ya kamba
nikiwakatia ndizi madaktari wa meno kutoka Rotterdam
wanaouliza, wakitweta: "Bado mbali?"
Bado, nawaambia. Sina moyo wa kuwadanganya.

Mwaka huu ikaja ya kumi na mbili.
Nilimpa kaka yangu Ujöp aisome, miwani yangu ilikuwa zizini.
Akasoma. Akanyamaza. Akasoma tena.
"Notburga," akasema, "ama wamekosea, ama umeingia."

Februari nikafanya mazoezi katikati ya kuta za theluji.
Nikanunua kaptula yenye sifongo matakoni,
nikaona haya kuianika nje.
Mnyororo mpya. Gia nyepesi, kisha nyepesi zaidi,
maana goti nalo lina maoni yake.

Halafu Juni ikanyesha yote.
Nyasi zikasimama kiunoni, zimelowa, hazifyekeki.
Jua likarudi Alhamisi. Ijumaa tukafyeka.
Jumamosi tukageuza.
"Jumapili saa kumi alasiri mvua itarudi," ikasema redio,
bila haya, kama inayosoma bei ya mayai.

Nambari haihamishwi kwa mtu mwingine:
imeandikwa nyuma yake, kwa herufi za sisimizi.
Nyasi nazo hazihamishwi siku.
Ujöp hakusema neno. Alikaa akipachika jino la reki,
taratibu mno, jino moja, jioni nzima.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa mstarini,
katika harufu ya kahawa na dawa ya kuchua,
helikopta ikitupepeta kama makapi.
Mlima wa kwanza niliupanda nikicheka peke yangu.
Wa pili nikawapita vijana wawili
wenye baiskeli za bei ya trekta.
Nilikuwa mwepesi. Liandikeni hilo popote mtakapo:
nilikuwa mwepesi.

Kilomita ya arobaini na moja ni shamba letu.
Nikamwona kaka kwa mbali, amepinda,
na nyuma yake kilele kimeshavaa kilemba cheusi.
Sikuamua. Mikono ndiyo iliyobana breki.

Nikavuka kamba. Vyuma vya viatu vikazama udongoni,
nikatembea kama bata hadi kwenye reki.
Nambari ikapigapiga mgongoni,
na barabarani wakapita, mamia, mamia,
mmoja akapaza sauti: "Bado mbali?"
"Bado!"

Saa tano likaja gari la kuokota wachelewaji.
Dereva, kijana wa kwa akina Irsara, akashusha kioo:
"Mama, unaendelea au unapanda?"
Nikamtazama. Nikaitazama mistari ya nyasi iliyobaki.
Akazima injini,
akauliza kama tuna uma wa pili.

Mzigo wa mwisho uliingia ghalani
saa kumi kasoro dakika sita. Tone la kwanza lilimpata Ujöp shingoni.
Kwenye matokeo nimeandikwa: hakumaliza.

Sasa ni Januari. Ng'ombe wanatafuna,
naisikia Julai ikisagwa katika taya zao.
Fomu iko mezani tangu asubuhi.
Ujöp anatafuta kalamu inayoandika.