Daftari la Ngazi ya Sita

Sina duka. Nina ngazi ya saruji,
ya sita kutoka juu, pale soko la Kadutu
linapoanza kuporomoka kuelekea mferejini.
Asubuhi nalipa ushuru, natandika gunia la unga,
napanga vitabu migongo juu
kama jirani yangu apangavyo mafungu ya sambaza.
Vingine vimeanza kunuka sambaza.
Usiku mmoja, faranga mia tatu.
Mvua ikinyesha, usiku huo hauhesabiwi:
Bukavu hakuna paa la kuapia.

Mugisho, mbeba saruji, huchukua vya mijini,
vya watu wanaopanda lifti,
wanaosahau miavuli mikahawani na hawairudii.
Huvijalidi kwa karatasi ya mfuko wa saruji
ili jasho lake lisiingie katika hadithi ya mtu.
"Nipe mji," huniambia,
"ambao mtu akichoka, anakaa."

Bwana wa shirika hushuka Jumamosi kutoka Muhumba,
gari likimngoja juu, injini haizimwi.
Anataka vya vita. Vinene, vyenye ramani.
Huvirudisha safi, anasema vimemliza.
Nimeyatafuta machozi hayo kila ukurasa.
Karatasi haijui kuficha maji.

Vya ufukara havitoki, ila wakati wa mitihani.
Wanafunzi hupiga mstari mwekundu
chini ya maneno "hali duni",
mfereji ukiwapitia chini ya viatu,
na hupunguziana bei nami kwa ukali
ambao hakuna mwandishi aliyeupata.

Mama Nsimire alikuja na mguu kutoka Bunyakiri,
watoto watatu, sufuria moja.
Siku ya kwanza, kwa upumbavu wangu,
nilimnyooshea riwaya ya vita.
Aliisukuma kwa kiganja, taratibu,
kama mtu anayekataa chai.
"Hicho nilikwisha kukisoma," akasema. "Kwa miguu."
Akachagua kitabu cha mapishi
kilichoachwa na masista walipohama.

Usiku, taa ya simu ikikaribia kufa, huwasomea:
*Chukua mayai sita. Siagi, gramu mia mbili.*
Mdogo huuliza: "Yote sita, kwa siku moja?"
"Nyamaza," mama humjibu,
"bado hatujafika kwenye sukari."
Hawajawahi kufika kwenye sukari.
Wote hulala kwenye unga.

Kisha ikaja ile wiki.
Milango ya bati, mbwa, milio kutoka upande wa Panzi,
redio zinazonong'ona chini ya blanketi.
Vitabu vyangu vilikuwa vimelala majumbani mwa watu,
na mimi, mwenye navyo, nilikuwa na daftari tu.
Nililisoma. Mara tatu. Jina, tarehe, deni.
Sijasoma kitu kirefu kama kile.

Siku kumi na moja, soko likafumbua jicho moja.
Bwana wa shirika alikuwa amevuka Ruzizi
na vita vyangu vitatu. Navihesabu bado.
Mji wa Mugisho uliletwa na dada yake,
umejalidiwa vizuri, kona zimekunjwa sawasawa,
na faranga za siku kumi na mbili.
Nikamwambia siku moja imezidi.
Nikamuuliza. Akautazama mfereji.

Mama Nsimire alikuja jioni, kitabu kifuani.
"Umepungua ukurasa," akasema kabla sijafungua.
"Makala yalikuwa mabichi, nikawashia.
Ulikuwa wa keki. Umeivisha uji.
Niandikie."

Nilishika kalamu muda mrefu.
Ngazi nzima iliningoja, hata muuza sambaza.
Nikaandika: *uk. 41, umesomwa.*
Tone la kwanza likaangukia wino.
Nikakunja gunia, na usiku ule
nikawafutia wote.