Wasifu wa Ukurasa Mmoja

Ofisi ya rekta imetaka ukurasa mmoja,
kabla ya Ijumaa, usizidi.
Mimi asistenti ndiye mwenye kompyuta,
basi naandika.

Jina: Mujinga Kyabula.
Mgeni mmoja wa pwani alicheka mbele ya kibao cha mlango.
Profesa akamweleza: kwetu ni mtoto aliyezaliwa
kitovu kimemzunguka shingo.
Kisha akasema, "Lakini cheka tu.
Na ule mwingine nimeusomea miaka ishirini."

Mahali pa kuzaliwa: Kenya.
(Komini ya Kenya, Lubumbashi. Si ile nchi.
Kila mwaka kuna anayetuuliza viza.)

Masomo: leseni hapa hapa Kasapa,
miaka mitano iliyochukua minane, kwa migomo.
Udaktari, Ubelgiji. Tasnifu: Je, tundu ni kitu?
Huko walimpa mfano wa jibini.
Akawaambia, mimi natoka mahali ambapo shimo
lina hati, lina mlinzi, lina bei ya dola,
na waliolichimba
wengine bado wamo.

Maeneo ya utafiti: niliandika "metafizikia".
Akaikata kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni:
tundu, shimo, ufa, pengo.
Shimo halijui kilichotoka, anasema.
Pengo linajua. Uliza ulimi wako,
jino likishang'oka.

Hili hakuniambia niliandike.
Umeme ulikuwa umekatika, tunasahihisha mitihani
kwa tochi ya simu, akaanza tu:
Baba alikuwa wa tanuru la shaba.
Mkanda wake ulitoka dukani na matundu matano.
Mishahara iliposimama, mwaka wa kwanza, wa pili,
akawa anaongeza mengine kwa msumari wa moto,
jikoni, tukisubiri bukari.
Niliyahesabu. Manne.
Nikamuuliza: Baba, hapo umeongeza
au umepunguza?
Alicheka mpaka akakaa chini,
akaushika mkanda, akautazama kwenye mwanga wa dirisha
kama mtu anayesoma.
Hakunijibu. Nipe karatasi inayofuata.

Nimefuta makongamano yote, na Dakar.
Nimefuta ile medali.
Nimepunguza herufi mpaka macho yanauma.
Bado mistari minne imezidi.
Natafuta pa kubana.